Panabana Wapi?

Dukani kwa baba yake Gidamu neno "safi" lilikuwa limepigwa marufuku. Halikuandikwa ukutani, lakini mteja aliyelitamka alikatizwa papo hapo. Ulivalishwa kiatu cha majaribio, kilichoshonwa kwa turubai na soli ya kadibodi, ukapewa kipande cha chaki nyekundu, ukaambiwa utembee hatua ishirini, kutoka meza ya kukatia ngozi mpaka mlangoni na kurudi. Ukisema, "Safi, fundi," mzee alikunja uso kama aliyetukanwa mbele za watu.

"Sikukuuliza kama ni safi. Nimekuuliza, panabana wapi?"

Na ukijitia kumfundisha kazi, kwamba aongeze hapa na kupunguza pale, alikunja uso mara mbili. "Usiniambie nikate wapi. Niambie panauma wapi. Kukata niachie mimi." Basi uliinama, ukachora alama ya chaki pale panapokufinya, naye akaenda kukata ngozi yenyewe.

Siku ya kukabidhiwa kiatu hakuuliza kitu. Alikutembeza hatua zile zile ishirini, akatega sikio. Ukizungumzia kiatu, hata kwa kukimwagia sifa, kiatu kilirudi mezani. Lakini kama katikati ya njia ulianza kusimulia habari za mvua, au za shemeji yako aliyeazima sufuria asiirudishe, mzee alitabasamu na kunyoosha mkono kuchukua karatasi ya kufungia. "Kimekaa," alisema. "Kiatu kikikaa, mwenyewe hukisahau."

Gidamu alikuwa binti yake wa pekee, mwanamke wa miaka thelathini na tisa. Jina hilo la utani alilipata utotoni, kwa kuwa hakubanduka mguuni pa baba yake, kama gidamu ya kandambili isivyobanduka vidoleni. Kazi yake ilikuwa kupokea wateja, kuzungushia nyayo zao kalamu kwenye daftari kubwa, na kuandika pembeni shida ya kila mguu. Na shida zilikuwepo, maana wateja wao hawakuwa watu wa kuingia duka lolote wakatoka na boksi kwapani. Walikuwa wa mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, wa vidole vilivyopandana, wa visigino vilivyovunjika vikaungwa kombo. Sehemu za juu za viatu zilishonwa na shangazi yake Gidamu, dada wa mzee, mwanamke wa mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Watatu hawa walikaa pale miaka thelathini na moja, dirisha lao likitazama mtaa, mpaka ilipokuja barua kwamba jengo linavunjwa. Chumba pekee walichopata kilikuwa ghorofa ya tatu, upande wa nyuma, katika jengo lenye ngazi hamsini na nne na korido mbili za kupinda. Mwanga ulikuwemo wa kutosha. Shida ni kwamba hata mtu aliyeambiwa chumba kiko wapi angehitaji dua ili akifikie.

Mzee alipanda, akahema, akatazama huku na huku, akapigilia msumari kando ya mlango.

"Tukihamia hapa nyundo yangu naitundika kwenye huu msumari," alisema. "Viatu vilivyobaki nitavimalizia kwa ile ndogo. Mteja mpya, mgeni kabisa, akipanda ngazi zile ndani ya mwezi mmoja, naitungua. Asipopanda, nimestaafu. Nitakaa nyumbani nitazame dari."

"Kaka, dari yenyewe inavuja," alisema shangazi.

"Basi nitaitazama ikivuja."

Shangazi alicheka, lakini Gidamu hakucheka. Mwaka uliotangulia mzee aliugua kifua akakaa nyumbani wiki sita, na katika wiki hizo Gidamu alimwona akififia. Hakumtania mtu. Aliulizwa atakula nini, akajibu, "Chochote." Siku aliyorudi dukani na kushika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, alimfokea mteja wa kwanza kwa kusema "safi", na Gidamu alikwenda nyuma ya pazia akalia kwa furaha. Kwa hiyo habari ya nyundo na msumari ilimwingia mwilini. Aliogopa, tena aliogopa kwelikweli.

Ndipo alipokata shauri kutafuta mtu wa kuwatengenezea tovuti, ili wenye miguu yenye shida wajue pa kwenda.

Msanifu aliyempata alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye kazi za kupendeza na maneno ya kuhesabu. Walikutana ofisini kwake, chumba kidogo chenye meza mbili na maua ya plastiki. Msanifu alifungua daftari.

"Mngependa tovuti ya namna gani, dada?"

"Nzuri," alisema Gidamu. "Ya kisasa. Yenye mvuto."

Msanifu aliandika hayo. Akasubiri. "Kuna kingine?"

"Hayo mengine wewe ndiye mtaalamu," alisema Gidamu, akadhani amempa heshima. Kumbe alikuwa amemtuma sokoni bila kumwambia anunue nini.

Wiki moja baadaye kazi ya kwanza ilifika kwenye simu. Watatu waliiinamia juu ya meza ya kukatia. Ilianza na kiatu cha kike, cheusi, chenye kisigino kirefu chembamba, kimesimama peke yake juu ya marumaru. Chini yake palikuwa na maandishi madogo ya kijivu, kisha viatu vingine vya ukoo ule ule, vyote vinang'aa.

Mzee aliangalia kwa muda. "Hivi viatu vya nani?"

"Vya aliyezaliwa na miguu miwili pacha," alisema shangazi.

"Na maandishi yanasemaje?"

"Sijui. Mimi naona vumbi tu."

Sasa utasema, hapo ndipo Gidamu alipochukua simu akamweleza msanifu ukweli. Thubutu! Gidamu alichukua simu akaandika: "Safi sana! Tumefurahi mno. Mungu akubariki." Kisha, kwa kuwa roho ilimsuta kidogo, akaongeza: "Labda iwe hai zaidi kidogo."

Alikuwa na sababu zake. Mambo ya kompyuta hakuyajua, akaona haya kumkosoa anayeyajua. Huenda siku hizi viatu vyote huuzwa juu ya marumaru, nani anajua. Tena shangazi alimshika mkono na kumnong'oneza, ingawa msanifu alikuwa upande wa pili wa mji na asingeweza kusikia hata wangepiga kelele: "Usimvunje moyo mtoto wa watu. Amejitahidi." Na hivyo familia ile ile iliyomfokea mteja kwa kusifu turubai ikamvika msanifu kilemba cha ukoka, na hakuna hata mmoja wao aliyeona kichekesho chake.

Msanifu aliambiwa iwe hai, akaifanya iwe hai. Kazi ya pili ilipofika, viatu vilikuwa vinakimbia. Vilitokea kushoto, vikatokomea kulia, vikarudi. Mzee alivitazama vikipita mara tatu, akakaa kitini, akaomba maji.

"Safi sana!" akaandika Gidamu. "Ila iwe na heshima zaidi."

Asichokijua ni kwamba shangazi naye alikuwa ameipata namba ya msanifu, na kila akishona alimtumia ujumbe wa sauti, mwingine wa dakika saba, ndani yake mna habari za duka, za goti lake, na kwa msisitizo mkubwa, za rangi ya zambarau. "Iwe zambarau, mwanangu. Zambarau iliyokolea. Na Gidamu usimwambie, atajionea mwenyewe." Kwa kila ujumbe, wa huyu na wa yule, msanifu alijibu neno moja: "Sawa."

Kazi ya tatu ilikuwa ya zambarau na kahawia, yenye heshima zake, na bado inakimbia. Ungedhani sanduku la fundi limebiringika ngazini. Gidamu alishika tama. Zilibaki siku tisa wahame. Akaona hakuna njia ila kuachana na msanifu na kutafuta mwingine, na kwa kuwa jambo la namna hiyo halisemwi kwa simu, akamwita aje dukani. Asubuhi nzima alifanya mazoezi ya maneno. Alianza na "Mdogo wangu, hakuna ubaya wowote kati yetu," akaona hapo hapo mtu atajua kuna ubaya, akaanza upya.

Msanifu aliingia saa nne, mkoba begani, akichechemea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga pale. Alisimama katikati ya duka akazungusha macho. Rafuni, kutoka sakafuni mpaka darini, ilipangwa miguu ya mti ambayo viatu hushonewa juu yake, kila jozi imeandikwa mwenyewe, na hakuna mguu uliofanana na mwenzake. Alifungua kinywa aseme kitu, lakini mzee, ambaye maisha yake yote alitazama miguu kabla ya nyuso, alimtangulia.

"Kushoto. Kidole kidogo. Keti."

"Mzee, mimi nimekuja kwa mambo ya..."

"Keti kwanza, mwanangu. Mtu hawezi kuzungumza na mguu unapiga kelele namna hiyo."

Gidamu alibaki na hotuba yake mdomoni. Kabla hajapata upenyo, unyayo wa msanifu ulikuwa umeshazungushiwa kalamu kwenye daftari, miguuni mwake mna jozi ya turubai ya akiba iliyokaribia kipimo chake, na chaki nyekundu iko mkononi. Akatembea hatua ishirini, mlangoni na kurudi, ameuma meno kwa adabu.

"Safi, mzee," alisema. "Asante sana."

"Panabana wapi?" walisema watatu kwa pamoja, hata Gidamu, kwa mazoea tu.

"Hapana, ni safi kabisa. Msijisumbue."

Mzee aliweka mkasi chini. "Nisikilize, mwanangu. Ukiniambia safi, nitafurahi leo. Nitakata ngozi, nitashona, utavaa. Ukifika nyumbani utavivua mlangoni, utavisukumia uvunguni, na hapa hutarudi tena. Mimi nami, kwa kuwa umeniambia safi, nitamshonea mwingine vile vile. Hiyo safi yako inaniharibia kazi, na mguu bado unakuuma. Haya, sema."

Msanifu alitazama chaki mkononi mwake. Akamtazama mzee, akamtazama shangazi, macho yakatua kwa Gidamu.

"Dada," alisema taratibu, "samahani, naomba kuuliza. Hii sheria ni ya viatu peke yake?"

Gidamu alihisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Maneno yote ya asubuhi yalimruka. Alikumbuka "Safi sana" ya kwanza, na ya pili, na zile baraka za Mungu alizozigawa bila kipimo. Wa kwanza kupasuka alikuwa shangazi. Alicheka mpaka tondoo, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, ikamtoka kidoleni ikabiringika chini ya meza. Mzee alijaribu kujikausha, akashindwa. Gidamu naye akacheka, uso kaufunika kwa aproni, na msanifu akacheka kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani anayo.

"Zilikuwa mbaya?" aliuliza, akifuta machozi.

"Mbaya," alisema Gidamu. "Yaani mbaya, mdogo wangu."

"Zote tatu?"

"Ya pili nusura inilaze hospitali," alisema mzee.

Msanifu alifungua mkoba. Alikuwa amekuja na kurasa zote zimechapwa kwenye karatasi, ili Gidamu azitie sahihi kwamba amezikubali. Alizitandaza juu ya meza ya kukatia, akampa Gidamu chaki. "Haya, dada. Tembea."

Gidamu aliinamia ukurasa wa kwanza. "Hiki kiatu kitoe, halafu hapa weka..."

"Usimwambie akate wapi!" mzee alifoka kutoka kwenye kona yake.

Gidamu alivuta pumzi. Akaanza upya, na safari hii alimfikiria mtu: mwanamke amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, mguu mmoja umeungwa kombo. "Mwenye mguu mbovu akifika hapa," alisema, "ataona kisigino hiki, atajua hapa si pake. Ataondoka bila kujua kwamba sisi tupo kwa ajili yake." Akachora duara jekundu kukizunguka kile kiatu cha marumaru. "Hapa panabana. Panabana sana."

Msanifu alikuwa ameacha kucheka. "Mwenye mguu mbovu? Ninyi mnawashonea watu wa namna hiyo?"

"Tunawashonea wao tu. Si unajua?"

"Ningejuaje, dada? Uliniambia nzuri, ya kisasa, yenye mvuto." Alisema bila hasira. Aliketi kwenye kigoda, akaunyoosha ule mguu wa kushoto. "Na mimi nina yangu. Sikuja kuwaona mnavyofanya kazi. Nilikuwa nauliza tu, 'Mmeionaje?' Mkiniambia safi, nafurahi, nageukia mengine. Huyu akitaka heshima na yule zambarau, badala ya kuuliza nimsikilize nani, nasema sawa."

"Zambarau ya nani?" aliuliza Gidamu.

Shangazi alikuwa chini ya meza, anatafuta tondoo yake kwa bidii kubwa.

"Shangazi," msanifu alimwita kwa upole, akainama akampelekea chaki huko huko chini, "panabana wapi?"

Shangazi alitoka, akajipangusa magoti, akaona hana pa kukimbilia. "Herufi sizioni, mwanangu. Kijivu juu ya nyeupe, macho yangu hayaikamati. Nikasema zikiwa za zambarau nitaziona." Akaweka alama, na ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Kumbe ni herufi," alisema msanifu akiandika. "Hizo nazikuza, nazikoleza, na zambarau hatuihitaji."

"Hata kidogo tu?" aliomba shangazi.

Walipatana pale pale, juu ya vipande vya ngozi. Kuanzia siku ile Gidamu peke yake ndiye angezungumza na msanifu. Mzee na shangazi wangempa yeye ya kwao, wagombane humo humo dukani, litoke neno moja. Picha za viatu vyao, ambazo msanifu alikuwa akiziomba tangu wiki ya kwanza na Gidamu akijibu "kesho" kila zikitajwa, zingepigwa mchana ule ule. Na msanifu asingeuliza tena "mmeionaje".

Kisha akaomba kuliona lile daftari ulimochorwa unyayo wake. Gidamu alimfungulia. Zilikuwa nyayo za miaka thelathini na moja, kila moja na doa jekundu mahali pake, na pembeni mwandiko: hapa panachoma akipanda ngazi, hapa hapana hisia, usikaze, huyu anataka kucheza kwenye harusi ya mwanawe. Msanifu alifunua ukurasa baada ya ukurasa, turubai bado iko miguuni.

"Na hili mlilificha wapi siku zote?" aliuliza.

"Hakuna aliyelificha," alisema Gidamu. "Mbona liko mezani?"

Wiki iliyofuata ilikuwa ya jasho na raha. Msanifu alituma kazi, chini yake ameandika, "Panabana wapi?" Gidamu aliizungusha dukani, akakusanya malalamiko, akayachuja yasiyo na maana na kubakiza yenye maana, akamrudishia karatasi moja iliyojaa madoa mekundu. Siku moja mazoea yalimzidi, akaandika, "Safi sana!" Jibu lilikuwa picha ya chaki, bila neno hata moja. Siku nyingine ni yeye aliyechelewesha picha za korido ya jengo jipya, akapata ujumbe: "Dada, hapa nabanwa mimi." Alitoka mbio na simu, hata aproni hakuivua.

Kuna siku walibishana hasa. Gidamu alitaka historia nzima ya duka ikae mwanzo, tangu mzee alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Msanifu akamwuliza, mtu mwenye mguu unaouma atasoma mistari mingapi kabla hajatafuta pa kukaa? Gidamu alinuna mpaka mchana, kisha akaifyeka historia, akabakiza mistari miwili, na mzee aliposomewa akasema hata ule wa pili una maringo. Gidamu hakupata kujua kabla ya hapo kwamba kukosoana kunaweza kumfanya mtu ampende mwenzake kiasi kile.

Tovuti iliyotoka haikuwa na marumaru. Ukiifungua, ulikutana na unyayo mkubwa uliochorwa kwa mkono wa Gidamu, na juu yake maneno mawili meusi, manene: Panabana wapi? Uligusa panapokuuma, doa jekundu likatokea chini ya kidole chako. Ukagusa kwingine, likatokea lingine. Chini zikafuata picha za viatu vyao vyenyewe, kila jozi na miguu yake ndani, halafu njia ya kufika, picha kwa picha: mlango wa barabarani, ngazi, korido ya kwanza, kona, korido ya pili, mlango. Mwisho kabisa, kwa huruma ya msanifu, palikuwa na kitufe cha kupiga simu cha rangi ya zambarau iliyokolea. Shangazi alikibonyeza mara nne kwa siku kuhakikisha kinafanya kazi.

Walihama. Nyundo ikatundikwa msumarini.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya tano walikuja wateja wawili wa zamani, wakihema, na Gidamu akamtupia baba yake jicho la matumaini. "Hao nawajua mpaka kucha," alisema mzee. Siku ya kumi utani wake ulianza kupungua. Siku ya kumi na nne shangazi alimwuliza atakula nini mchana, naye akajibu, "Chochote." Gidamu alikuwa anakata uzi. Aliendelea kukata bila kuinua uso.

Siku ya kumi na saba msanifu alikuja kuchukua viatu vyake. Mzee alimtembeza, na kufika hatua ya tisa binti alikuwa ameshaanza kusimulia jinsi mama yake alivyonunua mbuzi bila kumshauri mtu, na sasa mbuzi analala sebuleni. "Vimekaa," alisema mzee, na akachukua karatasi ya kufungia, lakini hakutabasamu kama siku zote.

Hapo shangazi aliinua kidole. "Nyamazeni."

Ngazini kulikuwa na mtu. Hatua moja nzito, moja nyepesi. Mapumziko. Moja nzito, moja nyepesi. Zilimaliza ngazi, zikapita korido ya kwanza, zikasita kwenye kona, zikapinda.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sare ya muuguzi, simu mkononi. Hakuna aliyemjua. Alikaribishwa na watu watatu kwa wakati mmoja, akaitikia kwa haraka, akaenda moja kwa moja kwa mzee kama mtu anayeendeleza mazungumzo waliyoyaanza jana.

"Ni hapa, fundi," alisema, akimwonyesha ule unyayo kwenye simu na madoa yake mawili mekundu. "Na hapa kwenye kisigino, nikishasimama wodini saa nzima. Mguu huu ulivunjika nikiwa na miaka kumi. Kila siku natoka kazini viatu nimevishika mkononi."

Mzee alikuwa ameshapiga goti mbele yake, mguu ule yuko nao mikononi, anaugeuza taratibu.

Gidamu alijua anapaswa kunyamaza, lakini alishindwa. "Dada, samahani kukukatiza. Tovuti yetu umeionaje?"

Muuguzi aligeuka na kumkodolea macho, kama aliyeulizwa habari za mtu asiyemjua.

"Tovuti gani?" alisema. "Mimi nimegusa tu panapouma, nikaja." Akamgeukia mzee tena. "Basi nilikuwa nakwambia, fundi, huu upande wa nje..."

Msanifu alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yalimtoka, na shangazi, aliyekuwa analia tayari, alimvuta akamkumbatia pamoja na mkoba wake. Gidamu alimtazama baba yake tu. Mzee alinyanyuka, magoti yakilia, akaenda mpaka mlangoni, akaitungua nyundo msumarini na kuipima uzito kiganjani. Alipita mbele ya msanifu akasimama.

"Imekaa," alimwambia.

Kisha akarudi kwa muuguzi akamwekea chaki nyekundu mkononi. "Haya, mama. Hatua ishirini. Na ole wako uniambie safi."